Shahada ya siasa na kungoja mkeka

Nyerere alisomea ualimu Makerere, kisha akaenda Edinburgh kusoma historia na uchumi. Mwinyi alikuwa mwalimu. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, Kikwete uchumi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Magufuli kemia na hisabati hapohapo Mlimani. Samia Suluhu Hassan alisoma utawala wa umma Mzumbe, na huyo ndiye aliyelikaribia darasa la siasa kuliko wote waliomtangulia. Marais sita, na hakuna hata mmoja ambaye shahada yake ya kwanza ni ya sayansi ya siasa. Ukishuka ngazi moja unamkuta Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa 2005 hadi 2008, aliyesoma sanaa za maonyesho. Huyo wala simshangai. Jukwaa ni jukwaa.

Orodha hiyo nilimtumia mtoto wa dada yangu kwenye WhatsApp mwezi Julai, siku mbili baada ya matokeo ya kidato cha sita. Alikuwa ameniandikia: “Shikamoo mjomba. Nimepata divisheni wani ya HGL. Nataka niombe PSPA Mlimani, nikimaliza niingie kwenye siasa. Unaonaje?” HGL ni historia, jiografia na Kiingereza. PSPA ni kozi ya sayansi ya siasa na utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo nami niliisoma enzi hizo, tukigombania vimbweta vyenye kivuli na kukopeshana madesa yaliyofifia wino.

Alipoiona orodha akauliza: “Kwa hiyo niache?”

Jibu lake ni refu kuliko simu.

Tuanze na sheria, maana kijana anayetaka ubunge anadhani kuna mlango wenye bawabu anayekagua vyeti. Haupo. Katiba ya 1977, ibara ya 67, inamtaka mgombea awe raia, awe ametimiza miaka 21, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Uganda wanataka walau elimu ya kidato cha sita. Kenya waliweka sharti la shahada kwa wabunge, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikalitupa. Huku kwetu kila baada ya muda anazuka mtu na hoja kwamba mbunge lazima awe na digrii, watu wanabishana wiki nzima, kisha jambo linapoa. Mimi siko upande wa hao. Nikiwaza sharti hilo namuwaza Bibi Titi Mohammed.

Bibi Titi aliishia darasa la nne. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na TANU ilipoanza kutafuta wanachama katikati ya miaka ya 1950, wanawake wa mjini waliingia chamani kupitia vikundi vya ngoma alivyovijua yeye, kikundi baada ya kikundi, nyumba baada ya nyumba. Wasomi wa chama walikuwa na hoja. Yeye alikuwa na watu. Chama kingempima kwa cheti, kingebaki na hoja zake ukumbini.

Lakini hadithi ya Bibi Titi ina mkia ambao wanaompenda huupita haraka. Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, pale karibu kila jimbo lilipokuwa na wagombea wawili wa TANU hiyohiyo, mmoja na alama ya jembe na mwingine na alama ya nyumba, Bibi Titi alishindwa Rufiji. Mwaka huohuo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, alianguka Mwanza. Mtandao uliokibeba chama nchi nzima haukumbeba mwenyewe nyumbani. Ukiuchambua uchaguzi ule darasani utaandika insha nzuri juu ya ushindani ndani ya mfumo wa chama kimoja. Nimeiandika mimi, nikapata alama zangu. Sikuelewa nilichokiandika mpaka mwaka 2020, usiku mmoja, kwenye ua wa mama mwenye genge.

Nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu, tuliyesoma naye kozi moja, aliyekuwa akiomba kuteuliwa na chama chake kugombea udiwani katika kata moja ya Dar es Salaam. Wapigakura wa hatua ile walikuwa wajumbe, na ndio mwaka uliovuma msemo wa “wajumbe siyo watu wazuri”. Mama yule alikuwa mjumbe. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa kwenye viti vya plastiki, mwanga ni wa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo ya nyanya. Rafiki yangu alikuwa na andiko lake la kurasa nane: mifereji ya maji ya mvua, soko, mikopo ya vijana, ratiba ya mikutano ya wananchi. Lilikuwa andiko zuri. Alilieleza kwa nusu saa bila kuangalia karatasi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku ya kwaya mbili iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Juu ya jalada ilikuwa imeandikwa kwa maka peni: KUFA NA KUZIKANA. Akamkabidhi.

“Baba, umeongea vizuri sana. Sasa nitafutie jina lako humu.”

Ndani kulikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina, kiasi, sahihi. Kila msiba ulikuwa na ukurasa wake. Buku moja, yaani shilingi elfu, buku mbili, buku tano. Rafiki yangu alifunua, akafunua, akarudi nyuma. Jina lake halikuwamo. La mshindani wake, muuza spea za bodaboda, lilikuwamo karibu kila msiba, na mahali ambapo hakutoa fedha palikuwa na maneno ya mkono: turubai 1, viti 50. Kilichoniuma ni kwamba utafiti wa mwaka wa tatu wa huyu rafiki yangu ulihusu imani kati ya majirani na jinsi inavyochochea watu kushiriki uchaguzi. Alipata A. Alijaza madodoso, akachora majedwali, akanukuu wazungu watatu. Daftari lenyewe alikuwa hajawahi kulishika mkononi.

Alipata kura 3.

Sitaki kulipamba lile turubai. Muuza spea naye alikuwa anawekeza, na anayewekeza hungoja faida. Hata sheria zetu zimehangaika na jambo hili bila kulimaliza. Mwaka 2000 Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi na kuhalalisha takrima, kwa hoja kwamba mgeni kukirimu wenyeji ni mila yetu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema hapana, kipengele hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu mwenye nacho na asiye nacho hawako sawa mbele ya sahani ya pilau. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Na bahasha zikaendelea kutembea, siku hizi nyingine zinatembea kwa simu. Darasani haya yote yana jina moja kubwa, siasa za ufadhili, na msomi akishalitamka anadhani amemaliza. Mtaani watu wanatenganisha mambo mawili ambayo jina lile linayakusanya. Kuna noti ya mkesha wa kura, ambayo mama mwenye genge anaipokea na kesho anampigia mwingine. Na kuna miaka sita ya kufunga maturubai. Ya pili huwezi kuilipa usiku mmoja.

Msomi wa samaki na mvuvi wote wanamjua samaki. Shahada ya sayansi ya siasa inakufanya msomi wa samaki, na hilo siyo tusi. Utasoma Plato, Machiavelli, Marx, Fanon. Utajifunza mifumo ya uchaguzi, kwa nini nchi zinapinduliwa, namna ya kuandaa dodoso na kulichambua. Ukitaka kuwa mtafiti, mwandishi, mtu wa mashirika, ofisa wa serikali, au ukitaka kupitia Chuo cha Diplomasia Kurasini uende ubalozini, umefika mahali pako. Tatizo langu liko kwingine.

Tatizo ni mkeka.

Kwa wasio Watanzania: mkeka ni orodha ya uteuzi inayotoka Ikulu. Bara tuna mikoa 26, wilaya 139 na halmashauri 184. Kila mkoa una mkuu wake, kila wilaya mkuu wake, kila halmashauri mkurugenzi wake, na nyuma yao wapo makatibu tawala, mabalozi, wajumbe wa bodi. Nafasi hizi ni za kuteuliwa. Kijana aliyemaliza PSPA, asiye na jina kwenye daftari la msiba wowote, anatazama hesabu hii na kuona njia ya mkato ya kihalali kabisa: badala ya kuomba kura za wajumbe 100 na zaidi, anahitaji kalamu ya mtu mmoja.

Nipo kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza pamoja. Kwa kawaida ni kundi la michango ya harusi na vichekesho vya asubuhi. Lakini mkeka ukitoka, mara nyingi usiku, kundi linafufuka. “Mkeka umetoka!” Faili inatumwa, kimya cha dakika tatu watu wakiteremsha kidole kwenye kurasa, halafu pongezi: namba fulani ni wetu. Asubuhi yake wale ambao hawakuwamo wanaanza kuandika kwenye kurasa zao juu ya uongozi uliotukuka. Nimewaona watu niliosoma nao, watu waliokuwa wakimbana mhadhiri kwa maswali mpaka anavua miwani, wakigeuka kuwa chawa, wasifiaji wa wakubwa, mbele ya macho yangu. Neno chawa ni kali, najua. Wenyewe siku hizi wanalibeba kama cheo.

Wengi wanaoshangaa uchawa wa wasomi wanauliza akili imekwenda wapi. Akili ipo palepale. Ukitaka kuuelewa, piga hesabu ya kodi ya nyumba. Mwanasheria akitumbuliwa anarudi kwenye mawakili wenzake. Daktari anarudi wodini, mhasibu anarudi kwenye vitabu, mwalimu anarudi ubaoni. Mwenye shahada ya siasa aliyeacha mtaa akiwa na miaka 19, akapitia chuo, akapitia ofisi ya chama, akaukwaa ukuu wa wilaya, siku akitenguliwa anarudi wapi? Hana genge, hana wateja, hana ubao. Ana makundi ya WhatsApp na suti. Kwa hiyo hatakubali kutenguliwa, na njia pekee aliyonayo ya kuzuia ni kusifu.

Mfano ambao kila Mtanzania anayefuatilia siasa anaujua ni Dk. Bashiru Ally. Alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa Mlimani, mmoja wa wale ambao wanafunzi huwasogelea baada ya kipindi. Aliongoza kamati ya kuhakiki mali za CCM, na Mei 2018 akawa Katibu Mkuu wa chama hicho, bila kupitia ubunge wala udiwani. Februari 2021 akateuliwa Katibu Mkuu Kiongozi. Haikufika hata miezi miwili. Mwisho wa Machi, baada ya kifo cha Rais Magufuli, nafasi ikapewa mwingine na yeye akateuliwa kuwa mbunge. Novemba 2022 aliwaambia wakulima wa MVIWATA wadai haki zao badala ya kujikita kwenye sifa za “anaupiga mwingi”, na wenzake wa chamani wakamshukia kwa siku kadhaa. Novemba 2025 mkeka ukamrudisha: Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Sisemi haya kwa kumkejeli; ile ya MVIWATA ilihitaji kifua. Ninachosema ni kwamba katika safari yote hiyo, ya kupanda, kushuka na kupanda tena, hakuna mahali alipopita mama mwenye kaunta buku. Aliyempandisha ni kalamu, aliyemshusha ni kalamu, na mtu aliyebobea kuzichambua kalamu za watu wengine hakuwa na namna ya kuishika hiyo.

Januari 1919 Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, alisimama mbele ya wanafunzi mjini München kuwaeleza siasa ni kazi ya namna gani. Aliwatenganisha wanaoishi kwa ajili ya siasa na wanaoishi kutokana na siasa, na akasema wazi kwamba asiyekuwa na kipato kingine yuko hatarini kuwa wa kundi la pili. Huwa tunafundishwa hotuba hiyo mwaka wa kwanza. Tusichofundishwa ni kwamba wiki chache kabla ya kuitoa, Weber mwenyewe alikuwa ametaka kugombea ubunge. Wajumbe wa Frankfurt walimpendekeza, kisha wakubwa wa chama wakaliweka jina lake chini kwenye orodha mahali ambapo hakuna mtu angelifikia. Kwa lugha yetu, alikatwa. Msomi mkubwa wa siasa wa kizazi chake alikatwa kwenye kura za maoni, akaenda kutoa mhadhara, na maisha yakaendelea kwa sababu alikuwa profesa.

Nyerere naye aliwahi kusimama kwenye njia panda hiyo. Mwaka 1955 aliambiwa achague: ualimu wa Pugu au TANU. Aliacha Pugu, akarudi Musoma, na kwa muda akawa akimfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll. Ualimu ulimfuata hadi huko. Kuna mtu angeweza kumnyima shule. Chaki haikuwa na wa kumnyang'anya. Ndiyo maana sichoki kuwaambia vijana kwamba swali la nisome nini ili niingie siasa limekaa vibaya. Kwanza jiulize utakula nini siku ukitakiwa kusema hapana.

Sasa nimeisema vibaya PSPA vya kutosha. Niigeukie upande wa pili, maana mjomba anayemkatisha tamaa mtoto wa dada yake bila kumwambia yote ni mjomba mbaya.

Kitu cha kwanza ni kilima chenyewe. Chuo cha Dar kilianza Oktoba 1961 na kitivo cha sheria tu, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na siasa haijawahi kukaa mbali nacho. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kile kipengele cha kulipwa asilimia 40 ya mshahara kwa miezi 18. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, kisha akapandwa na hasira, akajikata mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwatimua karibu wanafunzi 400. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta. Alirudi baadaye, akamaliza sheria, na 2005 akawa Spika wa Bunge lililowasha moto wa kashfa ya umeme ya Richmond. Kozi yake ilikuwa sheria. Siasa alifundishwa na lori lililomrudisha kwao.

Mwaka uliofuata alifika kijana kutoka Ankole aitwaye Yoweri Museveni, na huyu kweli alikuja kusoma sayansi ya siasa. Yeye na wenzake waliunda umoja wao wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia hapo, alikuwa karibu nao. Mwaka 1968 walikwenda kaskazini mwa Msumbiji kuyaona kwa macho maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na tasnifu yake juu ya mawazo ya Fanon ilitoka kwenye safari hiyo. Mwaka 1986 aliingia madarakani Kampala akisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania. Ukomo wa vipindi uliondolewa 2005, ukomo wa umri 2017. Ukitaka mfano wa mtu ambaye shahada ya siasa ya Mlimani ilimfaa kisiasa, ndio huyo. Sura za mwanzo za somo alizielewa barabara.

Kitu cha pili hakina ngoma wala bendera, na ndicho ninachokithamini zaidi.

Nina dada mmoja tuliyesoma naye ambaye ni diwani wa viti maalum kwenye halmashauri moja. Siku ya kikao cha baraza la madiwani nilimkuta mezani kwake asubuhi, saa kumi na moja, chai imepoa. Kabrasha la kikao lilikuwa limemfikia jana yake jioni, kama kawaida, kurasa zaidi ya 200, ili lisisomwe. Yeye alikuwa analisoma, penseli sikioni. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Alikuwa amekuta mapato ya ndani ukurasa mmoja, na mbele huko akakuta asilimia 10 ambayo ukiipiga kichwani haifiki. Akainama akacheka peke yake.

Kikaoni aliuliza. Ofisa akajibu haraka kwamba asilimia hiyo hukokotolewa baada ya kutoa mapato lindwa, yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalum. Jibu sahihi kabisa. Madiwani wengi wangekaa chini hapo, kwa sababu neno “lindwa” limekaa kitaalamu. Yeye hakukaa. Aliuliza orodha ya hayo mapato lindwa iko ukurasa wa ngapi. Haikuwamo. Mwenyekiti akasema italetwa kikao kijacho, na dada akaomba ahadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari kwa maneno hayohayo. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na ajenda ya madampo.

Hakuna aliyempigia makofi, na wapigakura wake hawatajua. Lakini yule ni mtu aliyefundishwa kwamba serikali ni karatasi, kwamba nguvu inajificha kwenye kiambatisho, na kwamba muhtasari wa kikao ni silaha. Hayo PSPA inayafundisha vizuri, na kwenye mabaraza yetu yanahitajika kuliko hotuba. Dada huyu, niongeze, ana duka la vifaa vya ujenzi. Posho ya udiwani ikikatika kesho, saruji itaendelea kuuzwa. Sidhani kama angeuliza swali lile la pili bila lile duka.

Vyama navyo vina shule zake. TANU ilifungua Kivukoni mwaka huohuo wa uhuru, 1961. Mwaka 2022 ilifunguliwa shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere, Kibaha, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Zinafundisha mstari wa chama, na chama kina haki ya kufundisha mstari wake. Ila kijana asiende kule akidhani anakwenda kujifunza kuuliza mapato lindwa yako ukurasa wa ngapi.

Basi nilimwandikia mpwa wangu hivi, kwa sehemu, maana mengine ni ya kifamilia. Omba PSPA kama kweli unapenda kujua kwa nini watu wanatii. Kama unachopenda ni kutiiwa, soma kitu kingine. Vyovyote uchaguavyo, uwe na mkono wa pili: uhasibu, sheria, ufugaji wa kuku, sijali. Bumu la Bodi ya Mikopo likiingia usilimalize Mlimani City. Na ukirudi likizo Mbagala, msiba ukitokea usikae ndani na simu. Turubai halihitaji divisheni wani. Kisha nikamuuliza: daftari la mtaani kwenu linashikwa na nani?

Alichukua nusu saa. “Mjomba nimekuelewa. Nitaomba vitatu, PSPA, sheria na uhasibu. Daftari anashika mama Zainabu wa duka la mkaa. Sasa naomba unisaidie hela ya maombi ya vyuo.”

Nikamtumia hapohapo. Dakika mbili baadaye simu ikalia tena.

“Asante sana mjomba, Mungu akubariki, familia nzima tunakutegemea. Ila hujaweka ya kutolea.”